Mto Mmoja, Leseni Mbili

Msomaji, ukifungua ramani ya Amerika Kaskazini utauona mto Detroit, mto mfupi unaomwaga maji ya Ziwa St. Clair katika Ziwa Erie. Ukingo mmoja upo mji wa Detroit, katika jimbo la Michigan, Marekani. Ukingo wa pili upo mji wa Windsor, katika jimbo la Ontario, Kanada. Ajabu ya mahali hapo ni kwamba mkazi wa Detroit akitaka kuvuka kwenda Kanada huelekea kusini, wala si kaskazini kama wengi wanavyodhani. Daraja la Ambassador limeiunganisha miji hiyo tangu mwaka 1929, na yote miwili imekula jasho la viwanda vya magari kwa vizazi kadhaa.

Sasa wafikirie vijana wawili, kila mmoja ana umri wa miaka 18, na hakuna kati yao aliyewahi kushika usukani. Wa Detroit akifaulu mtihani wa maandishi atapewa kibali cha kujifunzia, atakaa nacho siku zisizopungua 30, kisha atafanya mtihani wa barabarani. Akifaulu, anaweza kuendesha saa nane ya usiku akiwa na marafiki wanne garini, na sheria ya leseni haitamwuliza neno. Wa Windsor naye akifaulu mtihani wa maandishi atapanda ngazi ya kwanza, kisha ya pili, na hatafika kwenye leseni kamili kabla ya miezi 20 kupita, hata akisoma kwa bidii ya mchwa. Umri ni ule ule, uzoefu ni ule ule, na kinachowatenga ni upana wa mto. Nataka tuitazame historia iliyozaa tofauti hiyo, kwa maana ndani yake limo swali ambalo kila nchi yenye barabara italazimika kulijibu.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Mfumo huu wa kumpa dereva mpya uhuru kidogo kidogo haujapata jina moja lililozoeleka katika Kiswahili. Mimi nitauita leseni ya ngazi. Leseni ya kujifunzia, ambayo Watanzania wengi huiita lena, ni ngazi yake ya chini tu. Na yule anayezipanda ngazi hizo nitamwita mwanagenzi, neno la mafundi wetu kwa mtu anayejifunza kazi chini ya jicho la fundi mkuu. Utaona punde kwa nini nimelichagua neno hilo.

Marekani ilianza kudai leseni za udereva mwaka 1903, katika majimbo ya Massachusetts na Missouri. Leseni zile za awali zilikuwa karibu sawa na stakabadhi: ulilipa, ukaandikwa jina, ukaondoka. Mitihani ilikuja baadaye, jimbo hata jimbo, na kwa kasi ya kobe. Ilipofika miaka ya 1930, magari yalikuwa mengi na vifo vilikuwa vingi, nao Wamarekani wakalikimbilia jibu walilolizoea, yaani shule. Mwaka 1934 profesa mmoja wa Pennsylvania, Amos Neyhart, alianza kuwafundisha udereva wanafunzi wa sekondari ya mji wa State College kwa kutumia gari lake mwenyewe. Mbegu hiyo ilistawi mno. Baada ya sheria ya shirikisho ya usalama barabarani ya mwaka 1966, somo la udereva lilikuwa limeingia katika shule za sekondari nchi nzima, na kijana wa miaka 16 alilihesabu kuwa haki yake kama vile cheti cha kumaliza masomo.

Imani iliyokuwa nyuma ya jambo hilo ilikuwa nyepesi kueleweka: ajali hutokana na kutojua, basi mfundishe mtu naye atajua. Sisi walimu huipenda sana hoja hii, na nakiri kwamba ilinichukua muda kukubali yaliyofuata.

Mwaka 1976 jimbo la Connecticut liliacha kuzigharamia shule kwa ajili ya somo hilo. Baadhi ya miji iliendelea nalo kwa fedha zake, mingine ikalifuta. Watafiti walipolinganisha, waliona kwamba katika miji iliyolifuta, vijana wa miaka 16 na 17 waliopata leseni walipungua sana, na ajali za rika hilo zikapungua pia. Somo lilikuwa limewafungulia watoto mlango wa barabara mapema, bila kuwakinga na kilichokuwa nje ya mlango. Miaka hiyo hiyo, katika wilaya ya DeKalb, jimbo la Georgia, wanafunzi wapatao 16,000 waligawanywa kwa kura: wengine walipewa mafunzo bora kabisa yaliyoweza kubuniwa wakati ule, wengine mafunzo mafupi, na wengine hawakupewa chochote shuleni. Matokeo yalipotolewa katika miaka ya 1980, hakukuwa na upungufu wa ajali uliodumu ambao ungeweza kuihalalisha imani ya miaka hamsini.

Usinielewe vibaya. Mafunzo humfanya mtu ajue kubadilisha gia, kusoma alama na kuegesha gari. Kuiona hatari kabla haijatokea ni ujuzi wa namna nyingine. Dereva mkongwe huona mpira ukibiringika kuvuka barabara, na mguu wake hukaribia breki kabla hajamwona mtoto anayeufuata. Jicho hilo halipatikani darasani, hujengwa kwa saa nyingi za kuendesha. Hapo ndipo penye fumbo: mtu hawezi kuupata uzoefu huo bila kuwa barabarani, na huko barabarani ndiko anakoweza kufa kabla hajaupata.

Aliyelishika fumbo hili kwa mikono miwili alikuwa mwanasaikolojia Patricia Waller, mtafiti wa kituo cha usalama wa barabara kuu katika Chuo Kikuu cha North Carolina. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake walitoa pendekezo ambalo leo linaonekana la kawaida. Dereva mpya, walisema, aanze pale ambapo hatari ni ndogo: mchana, akiwa na mtu mzima pembeni yake, kwa miezi mingi wala si kwa wiki chache. Kisha aachwe peke yake, ila asiendeshe usiku wa manane. Akikaa muda bila makosa, ndipo afunguliwe mlango wote. Hiyo ndiyo njia ya mwanagenzi. Seremala hamkabidhi mwanafunzi wake msumeno wa umeme siku ya kwanza, wala hamzuii kuugusa hadi afikishe umri fulani. Humpa kazi ndogo, humtazama, humwongezea.

Wanasiasa waliliona wazo hilo kuwa zuri na lisilowezekana. Wazazi wangekubali vipi kuwa madereva wa watoto wao mwaka mzima zaidi? Katika nchi isiyo na mabasi vijijini, na ambamo kijana hufanya kazi ya jioni dukani au shambani, leseni ya miaka 16 ilikuwa nafuu kwa nyumba nzima. Mwaka 1977 idara ya shirikisho ya usalama wa barabara kuu ilitunga mfano wa sheria kwa kuufuata mwelekeo huo, ikayaalika majimbo kuujaribu. Maryland na California zilichukua vipande vyake, na zikaona ajali za vijana zikipungua kidogo. Mengine yalinyamaza. Wakati huo vifo vya vijana wa miaka 13 hadi 19 katika ajali za magari nchini Marekani vilizidi 8,000 kwa mwaka. Msomaji, soma tena tarakimu hiyo polepole.

Basi wazo likasafiri. Tarehe 1 Agosti 1987 Nyuzilandi, nchi iliyokuwa ikiwaruhusu watoto wa miaka 15 kuendesha, ilianzisha mfumo kamili wa ngazi tatu: ya kujifunzia, yenye mipaka, na kamili. Katika ngazi ya pili dereva hakuruhusiwa kuendesha peke yake baina ya saa nne ya usiku na saa kumi na moja ya alfajiri, wala kubeba abiria bila msimamizi. Kwa hiyo pendekezo lililokwama nyumbani lilipata sheria yake ya kwanza kamili ng'ambo ya bahari ya Pasifiki.

Kutoka huko lilirudi Amerika Kaskazini, lakini liliingia kwa mlango wa jirani. Tarehe 1 Aprili 1994 Ontario, chini ya serikali ya Bob Rae, ilianza kuitumia leseni ya ngazi, na Nova Scotia nayo ikaanza mwaka huo huo. Nenda pole pole hapa, kwa sababu muundo wa Ontario ndio kiini cha jambo letu. Ngazi ya kwanza huitwa G1 na ya pili G2, na leseni kamili ni G. Mwenye G1 lazima aketi na dereva mwenye uzoefu wa miaka minne au zaidi, asiwe na hata tone la pombe katika damu, asiendeshe kati ya saa sita ya usiku na saa kumi na moja ya alfajiri, na asiingie katika zile barabara kuu za mwendo wa kasi ambazo namba zake huanzia 400. Hukaa hapo miezi 12, au minane akisoma katika shule ya udereva iliyoidhinishwa. Kisha hufanya mtihani wa barabarani, huingia G2 na kuendesha peke yake, bado bila pombe, kwa miezi 12 mingine, hadi mtihani wa mwisho.

Katika masharti yote hayo, sikuutaja umri hata mara moja, isipokuwa kwamba mtu haanzi kabla ya miaka 16. Aanzaye akiwa na miaka 16, 30 au 60 hupanda ngazi zile zile. Ontario iliuliza swali moja tu: umeendesha kwa muda gani?

Matokeo hayakuchelewa. Wizara ya uchukuzi ya jimbo hilo ilipowalinganisha madereva wapya wa mwaka 1995 na wale wa mwaka 1993, kabla ya sheria, ilikuta kiwango cha ajali kimeshuka kwa asilimia 31.

Ng'ambo ya mto walikuwa wakitazama. Patricia Waller mwenyewe alikuwa amehamia Ann Arbor, mwendo usiozidi saa moja hivi kwa gari kutoka Detroit, akiongoza taasisi ya utafiti wa uchukuzi ya Chuo Kikuu cha Michigan. Florida ilitangulia majimbo ya Marekani kwa sheria yake ya tarehe 1 Julai 1996. Michigan ikafuata tarehe 1 Aprili 1997, miaka mitatu kamili baada ya Ontario, siku kwa siku. Mwezi Desemba mwaka huo huo North Carolina, mahali wazo lilipozaliwa, ikajifunga mkanda: miezi 12 ya kujifunza na mtu mzima, kisha miezi sita bila kuendesha peke yako baada ya saa tatu ya usiku. Tathmini zilizochapishwa mwaka 2001 zilionyesha kwamba ajali za madereva wa miaka 16 zilipungua kwa takriban robo katika Michigan, na karibu kiasi hicho hicho katika North Carolina. Miaka michache baadaye hapakuwa na jimbo la Marekani lisilo na ngazi za namna fulani.

Lakini Wamarekani walipolikopa wazo kutoka kwa jirani, waliligeuza swali. Michigan haikuuliza umeendesha kwa muda gani. Iliuliza: una umri gani? Kijana huko anaweza kuanza ngazi ya kwanza akiwa na miaka 14 na miezi tisa, ambao ni utoto kwa macho ya Ontario. Hudaiwa mafunzo ya sehemu mbili, pamoja na saa 50 za kuendesha na mzazi, kumi kati ya hizo zikiwa za usiku. Ni masharti mazuri, na kwa saa za mazoezi yanaipita Ontario. Ila akifikisha miaka 18 ngazi zote huyeyuka. Majimbo karibu yote ya Marekani yalifanya hivyo, na sababu yake ilikuwa ya kisiasa zaidi kuliko ya kitaalamu. Mtu wa miaka 18 hupiga kura, huenda vitani, hushtakiwa kama mtu mzima, na mbunge gani angemwambia arudi nyumbani kabla ya saa sita?

Jambo moja ambalo pande zote mbili zilichelewa kuliona ni abiria. Kwa mazoea ya wazee, kijana anayeendesha na wenzake garini ni salama zaidi kuliko aliye peke yake, maana wataangaliana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulipindua dhana hiyo: hatari ya dereva wa miaka 16 kufa iliongezeka kwa kila abiria aliyeongezeka, na alipobeba watatu au zaidi ilikaribia mara tatu ya ile ya kuendesha peke yake. California ilikuwa imekwisha kuwazuia vijana kubeba wenzao tangu mwaka 1998. Ontario ilifuata mwaka 2005: mwenye G2 aliye na miaka 19 au chini ya hapo haruhusiwi, katika miezi sita ya kwanza, kubeba zaidi ya mtu mmoja wa rika lake usiku wa manane. Unaona kwamba hapo Ontario nayo iliuruhusu umri kuingia, na sidhani ilikosea, kwa sababu mzaha wa kundi la vijana garini si suala la uzoefu peke yake. Michigan ilingoja hadi mwaka 2011.

Mwaka 2011 ndio uliotoa hesabu iliyowatia watetezi wa leseni ya ngazi mashaka. Watafiti walikusanya ajali za vifo za Marekani yote kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika majimbo yenye ngazi madhubuti, ajali za vifo zilizohusisha madereva wa miaka 16 zilikuwa chini kwa asilimia 26 kuliko mahali pasipo na mfumo huo. Hadi hapo ni furaha. Lakini kwa madereva wa miaka 18 zilikuwa juu kwa asilimia 12. Maelezo yanayotolewa ni zaidi ya moja, na mojawapo unaweza kulikisia mwenyewe. Kijana anayeziona ngazi kuwa mzigo, au ambaye wazazi wake hawana fedha za shule ya udereva wala nafasi ya saa 50 za kumkalia pembeni, husubiri. Siku akitimiza miaka 18 huingia barabarani akiwa mgeni kabisa, bila ngazi hata moja. Sheria imemlinda mwenye miaka 16 na kumwacha wa 18 ajifunze kwa mfupa wake.

Ndiyo maana mimi husimama upande wa Windsor katika hoja hii. Gari halimwulizi mtu cheti chake cha kuzaliwa. Marekani nayo ina jimbo lililokaribia njia hiyo, New Jersey, ambako tangu mwaka 2001 ngazi huwashika wanagenzi wote walio chini ya miaka 21. Na kuanzia mwaka 2010 hubandika kibandiko chekundu kwenye namba ya gari ili polisi wawatambue, kwa sheria iliyopewa jina la msichana aliyekufa akiwa abiria katika gari la kijana mwenzake. Wazazi wengi walilalamika kwamba kibandiko kingewaonyesha wahalifu ni gari lipi lina msichana ndani. Kesi ilifika mahakama ya juu ya jimbo, na mwaka 2012 sheria ikabaki.

Hata hivyo swali la Ontario nalo lina gharama yake, na wanaoilipa ni watu ambao pengine wewe, unayejifunza Kiswahili, utakutana nao. Kenya na Kongo hazimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa moja kwa moja katika jimbo hilo. Mtu aliyeendesha lori kutoka Mombasa kwa miaka kumi na mitano, akihamia Toronto, huketi kwenye mtihani wa maandishi wa G1 pamoja na watoto wa miaka 16. Sheria inampa nafuu, kwa kuwa miaka yake ya udereva inaweza kuhesabiwa na kumpunguzia ule muda wa kungoja, mradi alete uthibitisho rasmi kutoka nchi alikopewa leseni. Kwa aliyetoka Nairobi hilo ni suala la barua na subira. Kwa aliyeikimbia Goma bila karatasi ni jambo jingine. Swali la "umeendesha kwa muda gani" ni la haki pale tu ambapo jibu linaweza kuthibitishwa.

Leo vifo vya vijana wa miaka 13 hadi 19 katika ajali za magari huko Marekani hukaribia 3,000 kwa mwaka, badala ya zile 8,000. Mikanda ya usalama, magari bora na vita dhidi ya ulevi vimechangia sana, na asikwambie mtu kwamba ni leseni ya ngazi peke yake. Lakini imechangia, na ndiyo iliyo rahisi zaidi kufutwa kwa kalamu. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga madarasa ya udereva, mwaka 2021 North Carolina iliipunguza miezi 12 ya kujifunzia hadi sita, kwa muda tu, ili foleni ipungue. Hali ilipotulia, bunge la jimbo lilikaa tena mwaka 2023 kuamua irudi ngapi. Likachagua tisa.